Ufunguo wa Sanduku la Maombi

Amani kwenu, wapendwa. Nawaona mliofunga maduka mkapanda ngazi hizi, na nawaona pia mliomwachia mtu duka huku roho zenu zimebaki kule kule kwenye kaunta. Msijali, sitawachelewesha. Nina muda mpaka adhana, basi.

Mnajua kwa nini tumekutana. Hawa wawili waliokaa mbele hapa, mtu na mke wake, tunawatuma wakaanzishe kanisa kule Kigamboni. Wazee walitaka niwape semina. Nikasema semina watazipata kwingine, zimejaa mjini hapa. Mimi nitawapa aibu yangu, wavuke nayo kivuko.

Nimezaliwa Ilala. Baba alikuwa fundi kwenye karakana za reli, mtu wa kwenda kanisani Krismasi na kwenye misiba. Mimi nikaokoka nina miaka kumi na sita, kwenye mkutano wa injili uliofanyika kiwanja cha shule. Mhubiri alipoita watu waende mbele, miguu ilinigoma. Nilitaka kwenda, lakini darasa zima lilikuwa pale linaniangalia. Kijana mmoja aliyekaa pembeni yangu, tulikuwa tunajuana kwa sura tu, akanishika mkono akasema, "Twende wote." Tukaenda. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu.

Huyo ndiye mwenzangu. Jina silitaji, na mnaolijua naomba mlimeze.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi na huyo mtu tulikuwa kitu kimoja. Tulipanga chumba kimoja Mchikichini, tukauza viatu vya mitumba kwenye meza moja. Yeye anasugua kwa brashi na sabuni, mimi napiga rangi. Tukimaliza kazi tunaomba. Nilipooa, yeye ndiye aliyesimama pembeni yangu. Mke wangu yule pale, anatikisa kichwa. Anasema nisianze na harusi, muda hautoshi.

Tulipoitwa kwenye utumishi tuliitwa wawili. Tuliona wafanyabiashara wa Kariakoo wana njaa ya neno la Mungu lakini muda hawana, tukasema tuanzishe ibada ya mchana, mtu ale chakula cha roho kabla ya wali. Tukatafuta ukumbi tukachoka. Mwisho tukafika hapa Gerezani, kwa mzee mwenye jengo hili, aliyekuwa anauza kanga hapo chini na bado anauza. Mwislamu, mtu wa swala tano, babu yake alitoka Uarabuni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akaniangalia kuanzia juu mpaka kwenye viatu, akaniuliza, "Wewe ndiye padri?" Nikamwambia mimi si padri, sisi ni walokole. Akasema, "Sawa, padri." Mpaka leo ananiita hivyo, nimechoka kumrekebisha.

Masharti yake yalikuwa mawili. Ijumaa mchana hakuna ibada. Na siku nyingine adhana ikianza, sisi tunanyamaza mpaka iishe. "Dakika chache," akasema, "haziwaui."

Kwenye ule ukimya, wapendwa, ndipo kila kitu kilipoanzia. Mwanzoni watu walikuwa hawajui wafanye nini, wanachezea simu. Mimi nikapata wazo, na nilijiona nimefunuliwa kwelikweli. Nikasema wakati wa adhana kila mtu aandike hitaji lake kwenye kipande cha karatasi, akikunje, akitumbukize kwenye sanduku. Nikaenda kwa seremala hapo nyuma, akanitengenezea sanduku la mbao za mninga, lina tundu juu na kufuli pembeni. Nikawaahidi kwa mdomo wangu huu, hakuna atakayesoma isipokuwa Mungu. Tutaweka mikono juu ya sanduku tuombe, na kila Ijumaa tutachoma karatasi zote kwenye jiko la mkaa juu ya paa.

Watu waliandika, jamani! Mtu alikuwa anaandika mambo ambayo mke wake hajui, ambayo daktari wake hajui. Unamwona bosi mwenye maduka matatu anaandika huku ameikinga karatasi kwa kiganja. Na mimi nilikuwa naandika. Mchungaji naye ana mizigo.

Ufunguo ulikuwa mmoja, na nilikuwa nao mimi. Halafu nikasafiri wiki mbili, na ufunguo nikamwachia mwenzangu. Niliporudi hakunirudishia, na mimi sikumwomba. Ningemwombaje? Mtu aliyenishika mkono.

Baada ya hapo ndipo mwenzangu alipoanza kuona maono.

Mnajua wenyewe ilivyokuwa, maana wengine mlikuwepo. Anasimama katikati ya ibada, anafumba macho, anasema, "Kuna mwanamume hapa, mke wake ameondoka na watoto, na ameficha kwa ndugu zake anasema wako likizo." Mtu huyo anapiga magoti analia. Anasema, "Kuna dada hapa ana uvimbe, ameambiwa afanyiwe upasuaji, anaogopa." Dada anaanguka. Ukumbi ulijaa, ngazi zikajaa, watu wakasimama mpaka mlangoni kwa mzee wa kanga, wateja wake hawapati pa kupita. Wakaanza kumwita nabii.

Na mimi je? Nilifurahi. Nisiwadanganye, wapendwa, nilifurahi sana! Nilikuwa mchungaji kiongozi wa kanisa linalomwagika mpaka barabarani. Kuna wakati wazo lilinipitia kwamba yanayoonwa yote ni ya watu walioandika, mgeni wa siku hiyo haonwi. Nililifukuza lile wazo nikaliita la shetani. Shetani tunamsingizia mengi.

Sasa nifike kwa mama wa chapati.

Mama yetu huyu mnamjua, anauza chai na chapati kwa makuli hapo kona. Ametoka kusini, kwao Tunduru. Kusoma hajui. Alikuwa akiketi tu wakati wenzake wanaandika. Siku moja akanivuta pembeni akasema, "Baba mchungaji, niandikie na mimi." Akaniambia mwanae wa pekee aliondoka hapa mjini kwa hasira baada ya kugombana naye, akarudi Tunduru kutafuta vito, na tangu hapo simu yake haipatikani. Alikuwa hajamwambia mtu. Aliona aibu, maana maneno aliyomtolea siku ile yalikuwa mabaya, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia aondoke.

Nikaandika. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimempeleka mama mkwe stendi, akapande basi la Tanga, na kichwa changu kilikuwa bado kule. Nikaandika mwanae yuko Tanga. Nikakunja, nikatumbukiza. Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua kwamba nimekosea, nikajisemea, Mungu anajua ramani, hatapotea.

Siku mbili baadaye mwenzangu akasimama, akafumba macho. "Namwona mama," akasema. "Mama anamlilia mtoto. Namwona huyo mtoto. Yuko Tanga! Amefungwa na roho ya Tanga!"

Watu, "Ameni!"

Mama wa chapati akasimama taratibu kule nyuma. "Baba, mimi ninamlilia mtoto. Lakini wangu hayuko Tanga. Tanga sina mtu."

Mwenzangu hakubabaika. Akasema, "Atapitia Tanga, mama, pokea!" Watu wakashangilia, kinanda kikapigwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mchungaji, suti nzuri, sipigi makofi. Tanga ile haikutoka mbinguni wala kuzimu, ilitoka kwenye kalamu yangu.

Ibada ilipoisha nikamfuata kwenye chumba kidogo nyuma ya mimbari. Nikamwambia, "Kaka, nipe ufunguo."

Akanitazama kidogo, akajua. Hakukana hata. Akasema, "Kaka, mimi nimemuumiza nani? Watu wanafarijika. Wewe ulikuwa unawapa neno kavu, walikuwa wanakuja arobaini. Angalia sasa."

"Niliwaahidi hakuna atakayesoma."

"Uliahidi wewe."

Kisha akalia. Alilia, ndugu zangu, machozi ya kweli, akapiga magoti akashika miguu yangu. Akasema, "Usinianike. Nipe mpaka Jumapili, nitasimama mwenyewe niwaambie." Nikamwinua, tukaomba pamoja kama siku za Mchikichini. Nikatoka mle ndani nimesamehe. Ufunguo, hata hivyo, sikupewa. Mnaniona?

Jumapili ikafika. Nikamwachia mimbari, nikakaa nimeinamisha kichwa, namwombea apate nguvu ya kutubu. Akashika kipaza sauti. Akafumba macho.

Akasema, "Watu wa Mungu, leo nina jambo zito. Kuna mchungaji humu. Amemwambia Mungu, miezi mingi sasa nikiomba sisikii kitu. Amesema, nahubiri kwa mazoea."

Yalikuwa maneno yangu. Ilikuwa karatasi yangu, niliyoandika na kukunja mara nne wakati adhana inalia hapo nje. Hata mke wangu nilikuwa sijamwambia.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mwenzangu akafumbua macho, akanitazama mimi sasa, akasema kwa upole kabisa, "Mchungaji wangu, simama mbele za Mungu ukatae kwamba ulisema hivyo."

Ningekataa vipi? Ningesema si kweli, ningekuwa mwongo madhabahuni. Ningesema amesoma karatasi, ningeonekana mtu mwenye wivu anayejitetea. Nilisimama, nikasema, "Ni kweli." Nilitaka kuendelea, lakini baada ya hapo hakuna aliyesikia kitu. Kelele zilikuwa kelele. Wazee wa kanisa wakaja wakanishika mabega, wakaniambia nipumzike kwanza. Walinishika vizuri, kwa heshima, kama unavyomtoa mlevi kwenye harusi.

Haikupita muda mwenzangu na waumini wakahama. Alipata eneo kubwa, akaweka hema. Walibeba viti, ngoma, kinanda, mpaka pazia. Sanduku waliacha. Sijui kwa nini, labda lilikuwa zito, labda hakulihitaji tena. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kufuli lake.

Mke wangu hakunilaumu kwa kupoteza kanisa. Aliniuliza jambo moja tu tulipofika nyumbani: "Kwa nini hukuniambia mimi?" Nikamwambia nilimwambia Mungu. Akasema, "Hukumwambia Mungu. Uliiambia karatasi." Hilo nilikaa nalo muda mrefu kuliko yote aliyonifanyia mwenzangu.

Nikarudi Mchikichini kwenye viatu. Safari hii nasugua peke yangu, napiga rangi peke yangu. Sikuomba. Biblia niliiweka juu ya kabati ikapata vumbi. Waliokuwa washirika wangu walikuwa wanapita pale mezani, wengine wananisalimia, wengine ghafla wanaona kitu cha kuvutia upande wa pili wa soko. Nilimchukia yule mtu. Nisemeje vizuri zaidi? Nilimchukia asubuhi napanga viatu, nikamchukia mchana nakula. Nilikuwa namtungia hotuba kichwani, nyingine ndefu kuliko mahubiri yangu yote. Na nilijiona mimi ndiye mtu aliyesalitiwa kuliko wote Dar es Salaam.

Siku moja nimeinama nafunga kamba za viatu, nikaona kanga mbele yangu. Ni mama wa chapati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekutafuta soko zima."

Nikampa kigoda. Hakukaa. Akasema, "Nimekuja kukuuliza neno moja, kisha niende. Nilikukosea nini, mwanangu?"

Sikuelewa. Nikamwuliza, "Unikosee nini, mama?"

"Habari ya mwanangu nilikwambia wewe peke yako, duniani hapa. Sikumwambia hata jirani. Siku ya pili inatangazwa kwenye kipaza sauti. Nikasema, huyu baba nilimpa siri yangu, akampa mwenzake, na hata kuisema vizuri hawakuisema. Nimekaa nayo mpaka leo. Nilikukosea nini?"

Wapendwa, naomba mnielewe hapa. Miezi yote ile nalia nimesalitiwa, kumbe kuna mama anachoma chapati zake huku moyoni mwake msaliti ni mimi. Na si yeye tu. Yule aliyekimbiwa na mke, yule dada mwenye uvimbe. Siku watakapojua, watauliza ni nani aliyewaambia waandike. Ni nani aliyeahidi. Ni nani aliyetoa ufunguo akaona aibu kuuomba.

Nikakaa chini pale pale kwenye lami, katikati ya viatu, nikamweleza yote. Sanduku, ufunguo, safari, Tanga. Nikamwambia na jinsi nilivyolifukuza lile wazo kwa sababu ukumbi ulikuwa umejaa. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akasema, "Sasa mimi umeniambia. Wengine nao?"

Akaondoka. Hakunikumbatia, hakuniombea. Alikuwa na chapati zake.

Kesho yake nikaanza kupita Kariakoo duka kwa duka. Niliwatafuta wote ambao mambo yao yalitangazwa, wale niliowakumbuka. Namwambia mtu faraghani, "Siri yako haikutoka kwenye maono, ilisomwa, na ufunguo nilitoa mimi. Nisamehe." Msidhani walinishukuru. Kaka mmoja muuza vitenge aliniambia nitoke dukani kwake kabla hajaita watu. Dada mmoja alishusha shata la mlango nikiwa bado nasema. Wengine hawakuniamini, wakasema nimetumwa na wivu, wanaye nabii wao. Mmoja alilia, akasema angalau sasa anajua Mungu hakumwanika.

Kisha nikaja kwa mzee. Nikamwambia nataka ukumbi mchana mmoja tu, nina jambo la kusema. Akaendelea kukunja kanga zake. Akasema, "Padri, ngazi zangu zimekuwa kimya muda mrefu. Sikupenda. Panda." Sharti, akaongeza, ni lile lile.

Walikuja watu kumi na mmoja. Nikasimama pale pale nilipoaibishwa, nikasema yote bila kumtaja mtu. Nikawaambia na ile karatasi yangu ilikuwa kweli, nilikuwa sisikii kitu, na hata wakati ule nilipokuwa nasema nao bado sikuwa nasikia kitu. Nikalivuta sanduku katikati walione. Kabla sijamaliza, adhana ikaanza. Nikanyamaza. Hakuna kalamu, hakuna karatasi. Tukakaa hivyo tu, watu kumi na wawili tunatazamana. Ndugu zangu, sikumbuki ibada niliyowahi kuiona ndefu kama zile dakika.

Adhana ilipoisha, mama wa chapati akasimama. Alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, amekaa nyuma kabisa. Akasema kwa sauti yake, bila kipaza sauti, "Mimi nina mtoto. Nilimfukuza kwa maneno mabaya. Mniombee." Akaketi. Halafu akasimama mwingine.

Hapo ndipo kanisa hili lilipozaliwa, si lile la kwanza. Kutoka hapa likazaliwa la Mchikichini kwa wale wenzetu wa mitumba, na la tatu karibu na soko la samaki. Katika yote hamtakuta sanduku. Anayetaka kuombewa anasema kwa mdomo wake, na asiyetaka anabaki na siri yake, ni yake.

Mnataka kujua mwenzangu yuko wapi. Naona macho yenu. Hajaanguka, msisubiri niwaambie ameanguka. Hema limekuwa jengo, na picha yake iko kwenye bango, nikipita na basi la mwendokasi naiona, anatabasamu. Siku nyingine napita nikimwombea kwa moyo wote. Siku nyingine nageukia dirisha la upande wa pili. Kusamehe kwangu kunaenda kunarudi. Bado nina ule mkono uliolowa jasho kiwanjani, na nashindwa kuamini kwamba hata siku ile alikuwa ananidanganya. Sidhani. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Namshukuru mke wangu, ambaye sasa namwambia yeye kwanza. Namshukuru mzee wetu hapo chini, anayejidai hasikilizi. Nawashukuru wale kumi na mmoja, na yule kaka wa vitenge aliyenifukuza, maana alikuwa na haki, na leo amekaa dirishani pale.

Na nyinyi wawili mnaovuka kwenda Kigamboni, somo langu ni fupi. Watu watawaletea mambo yao, tena mazito. Ukimwahidi mtu kwamba utatunza jambo lake, litunze wewe mwenyewe, na siku ukiona aibu kuuliza ufunguo uko wapi, uliza siku hiyo hiyo. Ukumbi ukijaa ghafla, msikimbilie kufurahi. Na mkikosa kusikia sauti ya Mungu, ambianeni.

Bado dakika chache kabla ya adhana. Kuna mtu anayemaliza ibada zetu zote hapa, wageni hamjui, wenyeji mnajua. Mwanae hajarudi. Simu haijapatikana. Nawaambia ukweli, sitawapamba. Kila mchana anasimama, na kila mchana tunaomba.

Mama, simama. Sema mwenyewe, watu wa Kigamboni wasikie wakaombe na wao kule. Mwanao yuko wapi?

"Yuko Tunduru."

Mmemsikia. Tuinamishe vichwa.